Kiwiko Kilichoganda: Namna ya Kuandaa Dai la Fidia ya Ulemavu VA

Dai la kiwiko kilichoganda huamuliwa na mambo matatu yaliyoandikwa kwenye karatasi: kiwiko kimegandia nyuzi ngapi, kiganja bado kinageuka au hakigeuki, na mkono wenyewe ni ule unaoutegemea au ni ule mwingine. Maumivu, usingizi unaokosa, shati linalokushinda kuvaa, yote yana uzito wake. Lakini hayo matatu yasipoandikwa sawasawa, utapewa asilimia ndogo ya ulemavu kuliko haki yako. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu ni vipimo.

Tunaongea na waliotumikia jeshi la Marekani, wakiwemo Waafrika Mashariki na Wakongo waliojiunga wakiwa na kadi ya kijani tu. VA, yaani Idara ya Maveterani ya Marekani, haidai uwe raia ndipo ulipwe fidia. Inachodai ni kwamba ulitumikia, hukuachishwa kwa fedheha, una ulemavu sasa hivi, na ulemavu huo umetokana na utumishi.

Kuganda na kubana si kitu kimoja

Kanuni inayotumika iko katika kanuni za shirikisho, juzuu ya 38, kifungu cha 4.71a, nambari 5205. Neno lake ni ankylosis. Lishike jinsi linavyoandikwa, kwa sababu ndilo utakalolitafuta kwenye ripoti ya daktari. Maana yake ni kiungo kisichosogea kabisa kwa sababu mifupa imeshikana, iwe kwa jeraha, kwa ugonjwa au kwa upasuaji. Wapo ambao kiwiko kilivunjika na mfupa ukaota mahali pasipotakiwa, jambo linaloonekana sana baada ya milipuko, majeraha ya moto na majeraha ya kichwa. Wapo walioshikwa na maambukizi ndani ya kiungo. Wapo pia ambao daktari mwenyewe aliunganisha mifupa kwa vyuma kwa makusudi ili kuondoa maumivu. Wote wanaingia nambari 5205.

VA huhesabu nyuzi hivi: mkono ulionyooka kabisa ni 0, uliokunjwa kama herufi L ni 90, na kiwiko kizima hukunjika hadi 145. Kadiri namba inavyopanda ndivyo mkono ulivyokunjwa zaidi. Viwango vyenyewe ni hivi:

- Kimegandia kati ya nyuzi 70 na 90, pembe inayohesabiwa kuwa nafuu: asilimia 40 kwa mkono mkuu, yaani ule unaoutegemea, 30 kwa mkono mwingine.
- Kimegandia zaidi ya nyuzi 90, au kati ya 50 na 70: asilimia 50 kwa mkono mkuu, 40 kwa mwingine.
- Kimegandia chini ya nyuzi 50, yaani mkono umekaribia kunyooka, au kiganja kimepoteza kabisa uwezo wa kugeuka juu au kugeuka chini: asilimia 60 kwa mkono mkuu, 50 kwa mwingine.

Wengi huiruka sehemu ya pili ya kiwango hicho cha tatu. Mtu ambaye kiwiko kimegandia nyuzi 80 husoma ngazi ya kwanza, akaridhika na 40. Kumbe kiganja chake hakigeuki kamwe kutazama juu, na hilo peke yake linampandisha hadi 60. Kugeuza kiganja hakufanywi na bawaba ile ile ya kukunja mkono. Mifupa miwili ya kigasha, yaani sehemu ya mkono kati ya kiwiko na kiganja, huzungukana, na mzunguko huo unaweza kubaki salama ilhali kukunja kumekufa, au vyote viwili vikafa pamoja. Jipime hivi: bana kiwiko ubavuni, shika kalamu imesimama wima ngumini, halafu geuza kiganja kitazame dari kana kwamba unapokea chenji, kisha kitazame sakafu. Mzunguko kamili ni nyuzi 85 kwenda juu na 80 kwenda chini. Bega likiinuka au mwili ukipinda ili kalamu ilale, hapo anayegeuka si kigasha, na mpimaji wa VA hapaswi kukuhesabia mzunguko huo.

Kiwiko kikisogea hata kidogo, nambari 5205 haikuhusu. Unahamia nambari 5206, inayopima kukunja, na 5207, inayopima kunyoosha, na asilimia huweza kushuka ghafla. Chukua kiwiko cha mkono mkuu kinachotembea kati ya nyuzi 60 na 75 tu. Kwa maisha ya kila siku hicho ni kiwiko kilichokufa. Lakini kwenye jedwali, kukunja kunakoishia 75 kunapata asilimia 20, kwa sababu kukunja kunakoishia 90 ni 20 na ngazi inayofuata, ya 30, inaanzia 70. Kunyoosha kunakoishia 60 kunapata 10. Kila upande huweza kupewa asilimia yake, na zikiunganishwa zinafika 28, ambayo inapandishwa hadi 30. Mwenzake aliyeganda kabisa kwenye nyuzi 75 anapata 40. Kwa hiyo usimwambie daktari kiwiko "kimekufa" kama bado kinasogea nyuzi kumi. Ripoti itakuja kinyume na maneno yako, na usipoaminika kwa hilo hutaaminika kwa mengine. Wewe eleza siku mbaya. Kama kiwiko kikivimba hukunjika hadi 65 tu, hicho ndicho kipimo kinachofika ngazi ya asilimia 30, na mpimaji anatakiwa kukadiria hali ya siku mbaya hata kama umefika siku nzuri.

Mtego wa nyuzi 180

Huu unastahili nafasi yake. Baadhi ya madaktari wa mifupa huhesabu kinyume: kwao mkono ulionyooka ni nyuzi 180, na namba hushuka kadiri unavyokunja. Ripoti ya upasuaji ikisema kiwiko kimeunganishwa kwenye nyuzi 135 kwa hesabu hiyo, kwa hesabu ya VA ni 45, na 45 iko chini ya 50: asilimia 60 kwa mkono mkuu. Afisa anayesoma namba 135 kama ilivyo ataona "zaidi ya 90" na kukupa 50. Asilimia kumi zimepotea kwa sababu ya namna ya kuhesabu.

Dawa yake ni kutoa namba ya daktari kwenye 180, kisha kulinganisha na mkono wako mwenyewe. Piga picha ya ubavuni, mkono ukiwa wazi hadi begani, kamera ikiwa kimo cha kiwiko. Kwenye picha chora mstari kutoka ncha ya bega hadi kifundo kidogo cha mfupa upande wa nje wa kiwiko, na mwingine kutoka hapo hadi kwenye mfupa wa kifundo cha mkono upande wa dole gumba. Weka kipimapembe cha shule, chukua pembe iliyo ndani ya mkunjo, itoe kwenye 180. Jibu ni nyuzi za VA. Likitofautiana na ripoti, mwombe daktari aandike sentensi moja tu: kiwiko kimeganda kwenye nyuzi kadha za mkunjo, mkono ulionyooka ukiwa 0.

Mkono upi ni mkuu

Mkono mmoja tu ndio unaohesabiwa kuwa mkuu. Mwenye kutumia yote miwili sawasawa, mkono ulioumia, au ulioumia zaidi, ndio unaochukuliwa kuwa mkuu. Kwetu jambo hili lina uzito wa pekee, maana watoto wengi wa mashoto walilazimishwa kula na kuandika kwa mkono wa kulia, nyumbani na shuleni. Kwenye fomu ya kujiunga na jeshi mtu huyo akaandikwa wa kulia. Lakini ni kwa kushoto anakorusha mpira, anakopiga nyundo, anakopigia mswaki. Kama kiwiko cha kushoto ndicho kilichoganda, eleza hayo kwa maandishi na mpe ndugu au mwenzako wa kikosini aandike alichokiona. Tofauti ya mkono mkuu na mwingine kwenye nambari 5205 ni asilimia 10 katika kila ngazi.

Hatua ya kwanza: funga tarehe

Kabla hujakusanya chochote, wasilisha taarifa ya kusudio la kudai, Fomu 21-0966, au anza tu dai kwenye tovuti ya VA; kulianza mtandaoni kunafunga tarehe papo hapo. Unapata mwaka mmoja wa kukamilisha, na dai likikubaliwa malipo huhesabiwa kuanzia tarehe ile. Ukipitisha mwaka, tarehe inakufa na miezi yote hiyo unaipoteza.

Aliye bado jeshini anaweza kudai siku 180 hadi 90 kabla ya kutoka. Aliyetoka karibuni akidai ndani ya mwaka mmoja, malipo huanzia siku inayofuata siku aliyotoka.

Hatua ya pili: kusanya ushahidi

Unahitaji DD-214, yaani hati ya kutoka jeshini, rekodi za matibabu za jeshini, na rekodi za hospitali zote ulizotibiwa baada ya hapo. VA ina wajibu wa kuzifuata rekodi za serikali ya shirikisho. Za hospitali binafsi huzifuata ukijaza Fomu 21-4142 na 21-4142a, ila ni heri uzichukue mwenyewe, maana hospitali nyingi hujibu pole pole na dai linaweza kuamuliwa kabla hazijafika. Omba hasa ripoti ya upasuaji, picha za eksirei pamoja na maelezo yake, na vipimo vya mazoezi ya viungo. Mtaalamu wa mazoezi huandika nyuzi kila wiki, na mfululizo huo unaonyesha kiwiko kikifa taratibu. Ni ushahidi mzuri kuliko barua nyingi.

Rekodi kutoka hospitali ya Mombasa, Bukavu au Dodoma zinakubalika. Zilizo kwa Kiswahili au Kifaransa ziambatanishe na tafsiri ya Kiingereza.

Mashahidi waandike kwenye Fomu 21-10210. Shahidi asiandike "anateseka sana". Aandike alichokiona kwa macho yake: anafungiwa vifungo vya shati na mkewe, anakula kwa mkono mwingine kwa sababu kijiko hakifiki mdomoni, hawezi kupokea simu kwa mkono ule, usukani anaugeuza kwa bega.

Hatua ya tatu: unganisha kiwiko na utumishi

Hapa ndipo madai mengi huangukia. Kiwiko kuwa kibovu leo hakutoshi. Lazima pawepo kamba inayokifunga na jambo lililotokea jeshini. Kama ulivunjika jeshini, ukapasuliwa jeshini na kikaganda jeshini, kamba iko wazi. Kama uliumia mwaka 2009 na kikaganda 2018, unahitaji maoni ya daktari. Aandike kwamba amesoma rekodi zako, ataje tukio lenyewe, aeleze njia lililopita, mfano mvunjiko uliingia ndani ya kiungo, gegedu likaisha, baridi yabisi ikafuata, mfupa ukashikana, halafu amalizie kwa maneno haya ya Kiingereza: "at least as likely as not". Maana yake ni kwamba uwezekano umefika angalau nusu kwa nusu. Kwa VA nusu inatosha, kwa sababu mizani ikilingana faida ya shaka ni ya veterani. Daktari akiandika "could be" au "may be", yaani huenda, barua yake haina nguvu. Barua yenye hitimisho bila sababu nayo hupewa uzito mdogo, hata iwe na mihuri mitatu.

Baridi yabisi ya kiwiko iliyojitokeza kwa kiwango cha asilimia 10 ndani ya mwaka mmoja baada ya kutoka jeshini huchukuliwa kuwa ya utumishi. Ukiwa na eksirei ya mwaka ule, itafute kwa udi na uvumba.

Hatua ya nne: jaza dai

Dai lenyewe ni Fomu 21-526EZ. Kwenye orodha ya maradhi andika kiwiko cha kulia au cha kushoto, kimeganda, na kupotea kwa mzunguko wa kigasha kama upo. Kisha andika kila kilichozaliwa na kiwiko hicho kama dai la pili linalotokana nacho. Vinavyosahaulika zaidi ni hivi:

Neva ya alna hupita nyuma ya kiwiko, pale pakigongwa panapotuma shoti. Ikibanwa au ikikatwa na makovu, kidole cha mwisho na cha pete hufa ganzi na mshiko hulegea. Hupimwa kwa nambari 8516, na kipimo cha umeme wa neva huithibitisha. Makovu yanayouma au yanayopasuka yana nambari 7804. Bega la mkono ule ule huchakaa, kwa sababu linafanya kazi ya kiwiko siku nzima. Na mkono mwingine, ule usio na ulemavu, uliobebeshwa kazi zote, nao huanza kuuma.

Mwakilishi wa chama cha maveterani aliyeidhinishwa na VA atakusaidia bure; unamteua kwa Fomu 21-22. Mtu anayetaka malipo ili akuandalie dai la kwanza anavunja sheria. Wakili aliyeidhinishwa anaruhusiwa kutoza baada ya VA kutoa uamuzi wa kwanza, si kabla.

Hatua ya tano: siku ya uchunguzi

VA itakupangia uchunguzi, unaoitwa C&P, yaani uchunguzi wa fidia na pensheni. Usiukose. Kwenye dai la kwanza, ukikosa bila sababu nzuri wataamua kwa karatasi zilizopo; kwenye dai la kuongezewa asilimia, watalikataa.

Nenda na shati la mikono mifupi. Usinywe dawa za ziada za maumivu ili uonekane shujaa, wala usiache dawa zako za kawaida ili uonekane mgonjwa. Meza ulivyozoea, na useme umemeza nini na saa ngapi. Mpimaji anatakiwa kutumia goniometa, ile rula ya plastiki yenye mikono miwili inayozunguka kwenye bawaba. Kanuni ya VA inasema chombo hicho ni cha lazima. Akikadiria kwa macho, mwambie kwa adabu: "Daktari, naomba unipimie kwa goniometa." Asipofanya hivyo, kumbuka kila kitu na ukiandike jioni ile ile.

Asikuvute mkono kwa nguvu kama kiwiko kimeunganishwa kwa vyuma. Mwonyeshe eksirei kwanza. Hakikisha ameuliza mkono unaoutumia, amepima mzunguko wa kiganja, na amegusa suala la ankylosis. Fomu anayoijaza ina sehemu maalumu ya jambo hilo pamoja na nafasi ya pembe. Ikiachwa tupu, afisa wa VA hana mahali pa kuanzia, na mara nyingi atakupima kwa 5206 kana kwamba kiwiko kinasogea.

Kusoma uamuzi

Barua ikifika, usikimbilie asilimia. Tafuta kwanza nambari waliyotumia. Ukiona 5206 au 5207 ilhali kiwiko hakisogei, kosa liko hapo. Angalia pembe, angalia kama wameandika mkono mkuu sahihi, angalia tarehe ya kuanza malipo.

Asilimia za VA hazijumlishwi kama nauli. Kiwiko 50, bega 20 na neva 10 si 80. Unaanza na 50; nusu nyingine ya mwili ndiyo iliyobaki nzima. Asilimia 20 ya hiyo 50 ni 10, umefika 60. Asilimia 10 ya 40 iliyobaki ni 4, umefika 64. Hukatwa hadi kumi iliyo karibu, yaani 60. Pia kuna dari: ulemavu wa mkono mmoja ukiunganishwa hauwezi kuzidi asilimia ambazo ungepewa kama mkono ungekatwa mahali pale. Mikono yote miwili ikiwa na ulemavu uliokubaliwa, kuna nyongeza ya sehemu ya kumi ya asilimia za mikono hiyo kabla ya kuunganishwa na mengine.

Kuanzia asilimia 30 unaongezewa kwa ajili ya mke au mume na watoto, hata wakiwa bado Tanzania au Kongo. Hiyo haiji yenyewe. Jaza Fomu 21-686c na uambatanishe vyeti kama wakivitaka.

Kama kiwiko peke yake kimefika 60 na hakikuruhusu kushika kazi ya kukutosha kuishi, dai malipo ya kiwango cha 100 kwa kukosa ajira, Fomu 21-8940. Fundi wa magari au dereva wa lori aliyegandishwa mkono mkuu karibu na kunyooka ana hoja nzito hapa.

Ukikataliwa au ukipunjwa

Una mwaka mmoja tangu tarehe ya barua kuchagua njia bila kupoteza tarehe yako ya mwanzo. Kama una ushahidi mpya, mfano barua ya daktari inayorekebisha pembe, tumia dai la nyongeza, Fomu 20-0995. Kama karatasi zote zilikuwepo na afisa alizisoma vibaya, omba afisa wa ngazi ya juu azipitie, Fomu 20-0996. Huko huruhusiwi kuongeza hata ukurasa. Ukitaka jaji, ni Fomu 10182 kwenda Bodi ya Rufaa. Kwa mtego wa nyuzi 180 njia ya kwanza ndiyo nzuri, kwa sababu sentensi moja ya daktari ni ushahidi mpya unaotosha.

Ukija kupasuliwa tena

Madaktari wanaweza kukata mfupa uliozidi ili kiwiko kisogee tena. Upasuaji wa ulemavu uliokubaliwa, unaohitaji angalau mwezi mmoja wa kupona, au unaokuacha umefungwa plasta, hukupa asilimia 100 za muda, kwa mwezi mmoja hadi mitatu mwanzoni, na huweza kuongezwa. Omba mapema, na daktari aandike tarehe ya upasuaji na muda wa kupona kwa wiki. Baada ya hapo VA itakupima upya, na kiwiko kikianza kusogea nambari 5205 itaondoka. Kwa hiyo kabla ya kuingia chumba cha upasuaji hakikisha mzunguko wa kiganja, neva ya alna na bega vimekwisha kudaiwa na kupimwa kila kimoja kwa nambari yake, maana hivyo ndivyo vitakavyobaki kwenye barua yako hata kiwiko kikilegea.